Kuchagua Mtoa Huduma wa DNS kwa Tovuti Iliyo Kwenye Wingu

Wafanyabiashara wengi hapa Kisumu huhamishia tovuti zao kwenye wingu (seva za kukodi mtandaoni) huku jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama duka.co.ke, likiendelea kuhudumiwa na seva za DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa anwani ya IP ya namba, za kampuni iliyowauzia jina hilo. Kusajili jina na kuvijibu vivinjari vinavyouliza anwani yake ya IP ni kazi mbili, na ya pili unaweza kumpa mtoa huduma mwingine bila kuhamisha usajili, hata kwa majina ya .co.ke yaliyo chini ya KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke.

Anza kwa kuuliza jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Huduma nyingi za wingu hukupa jina refu badala ya anwani ya IP, ilhali kanuni za DNS haziruhusu rekodi ya CNAME, yaani ile inayoelekeza jina moja kwa jina jingine, kwenye kikoa kitupu kisicho na «www». Route 53, huduma ya DNS ya Amazon, hutatua hilo kwa rekodi za alias zinazoelekeza kwa huduma za Amazon yenyewe, nayo Cloudflare, mtoa huduma mwingine, huitafuta anwani ya IP ya jina hilo refu kwanza ndipo ijibu. Asiye na njia ya namna hii mwache.

Kasi ipime mwenyewe ukiwa ofisini kwako kwa dig, amri ya kompyuta inayoiuliza seva ya DNS, ukisoma milisekunde kwenye mstari wa «Query time». Hata hivyo, kasi husifiwa kupita kiasi, kwa sababu jibu huhifadhiwa kwa muda wote wa TTL, yaani sekunde ambazo rekodi inaruhusu jibu lake likumbukwe. Uimara una uzito zaidi: tarehe 21 Oktoba 2016, Dyn, kampuni iliyoihudumia Twitter kwa DNS, iliposhambuliwa, Twitter haikufikika kwa watu wengi ingawa haikuwa yenyewe iliyoshambuliwa. Kwa duka dogo, mtoa huduma mmoja mwenye seva katika nchi nyingi anatosha. Gharama si kikwazo, maana Route 53 hutoza nusu dola kwa kikoa kila mwezi pamoja na ada ndogo ya maulizo, na Cloudflare ina mpango wa bure.

Kabla ya kuhama, punguza TTL kutoka sekunde 86400 hadi 300 siku moja au mbili mapema, kisha nakili rekodi zote. Nilipohamisha kikoa cha duka moja la vifaa vya ujenzi Kondele siku ya Ijumaa, nilisahau rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe za kikoa. Tovuti ilifunguka vizuri, lakini hadi Jumatatu hakuna oda hata moja iliyofika kwa barua pepe. Ikiwa DNSSEC, ulinzi unaotia saini majibu ya DNS, imewashwa, ondoa kwanza rekodi ya DS, inayothibitisha saini hizo, kwa msajili na usubiri muda wake uishe, ndipo ubadilishe seva.