Meli Kubwa au Ndogo? Hesabu Kwanza Siku za Maji

Kila ukikaribia mwezi wa tatu, shule za huku Texas zinapofunga kwa wiki moja, simu yangu haipumziki. "Dada, ile meli kubwa ya kitalii tunayoiona kwenye matangazo, twende nayo?" Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ya uuguzi zamu ya usiku hapa Houston, na katika kikundi chetu cha kina mama nimegeuka wakala wa safari asiye na mshahara. Sijibu ndiyo wala hapana. Nauliza mambo mawili: mtakaa siku ngapi majini bila kushuka, na mnakwenda nani na nani? Ukishayajua hayo, kazi ya kuchagua meli inakuwa nyepesi.

Ratiba kwanza, picha baadaye

Bandari yetu ni Galveston, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Ukichukua safari ya usiku saba kutoka pale, kesho yake unaamka bado uko katikati ya Ghuba ya Mexico. Kisha zinafuatana bandari tatu, mara nyingi Cozumel na Costa Maya za Mexico, na Roatán ya Honduras. Halafu siku mbili za kurudi, maji matupu. Siku tatu kati ya saba huoni nchi kavu, na kwa safari ya namna hiyo meli ndiyo likizo yenyewe. Hapo ukubwa una maana. Harmony of the Seas, ambayo imewahi kuondokea Galveston, ina urefu wa mita 362. Ndani yake kuna uwanja wa kuteleza kwenye barafu, ukumbi wa maonyesho ya majini, na bustani ya mimea hai inayozidi 10,000, iko katikati ya meli na juu ni wazi. Mtoto wa miaka kumi akiwa humo hakuulizi mtafika lini.

Sasa fungua ratiba ya Bahari ya Mediterania. Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Naples: karibu kila asubuhi mmefunga gati. Na usidanganyike na neno "Roma" kwenye tangazo. Meli inaishia Civitavecchia, na kutoka hapo hadi Roma ni zaidi ya kilomita 70. Unatoka baada ya chai, unarudi jioni miguu imevimba, unaoga, unakula, unalala. Ile mitelezo ya maji hujaigusa, lakini umeilipia. Kwa safari kama hiyo mimi huwaambia watu wachukue meli ya wastani, na pesa inayobaki waitumie nchi kavu.

Tena ziko sehemu ambazo meli kubwa haifiki kabisa. Venice tangu tarehe 1 Agosti 2021 imezizuia meli kubwa zisipite mbele ya uwanja wa San Marco, na kipimo chao si kikubwa hivyo: tani 25,000 au urefu wa mita 180. Meli za jamii ya Harmony hazivuki Mfereji wa Panama hata baada ya kupanuliwa mwaka 2016, kwa sababu ya kimo: haziwezi kupita chini ya daraja lililoko upande wa Pasifiki. Kisiwa cha Grand Cayman, huko Karibi, hakina gati la meli hizi, na wapigakura wa huko walikataa kulijenga mwaka 2025, kwa hiyo meli inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti. Jiulize watu elfu tano kushuka kwa boti ni kazi ya saa ngapi. Ukiona bandari ya namna hiyo kwenye ratiba ya meli kubwa, amka mapema uchukue namba ya boti za mwanzo, ama ungoje watu wapungue ushuke saa tano bila presha. Katikati ya hapo ni foleni tu.

Kitu kingine ambacho wengi hawaangalii: siku hiyo bandarini mtakuwa meli ngapi? Kalenda za bandari zimo kwenye intaneti, bure. Cozumel siku yenye meli mbili na Cozumel siku yenye meli sita ni miji miwili tofauti, na dereva wa teksi atakuonyesha tofauti hiyo kwa bei.

Ukubwa na msongamano ni vitu viwili

Watu huniambia, "Abiria elfu tano! Si itakuwa kama Kariakoo mkesha wa Idi?" Chukua kikokotoo. Tani zinazotangazwa kwa meli za abiria hazipimi uzito, zinapima ujazo, yaani nafasi iliyomo ndani. Zigawe kwa idadi ya abiria, ikihesabiwa wawili kila chumba, utajua kila mtu ana nafasi kiasi gani.

Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, ina tani 248,663 na abiria 5,610. Unapata 44. Harmony unapata 41. Carnival Breeze, meli ya wastani, ina tani kama 130,000 na abiria 3,690, unapata 35. Meli ndogo za baharini za kampuni ya Viking, tani 47,800 kwa abiria 930, zinafika 51. Sasa tazama: meli ya wastani ndiyo yenye nafasi finyu kuliko zote hizo. Ukisikia mtu anasema alibanwa kwenye meli, muulize kwanza ilikuwa ipi.

Hesabu hiyo ina kasoro moja. Wakati wa likizo za shule vitanda vya ziada hujaa watoto, na Icon inaweza kubeba watu 7,600. Gawa upya uone. Ukiweza kusafiri wiki ya pili ya Januari au mwanzo wa Desemba, meli ni ileile, bei inashuka, na unapata kiti kwenye bwawa bila kugombana na mtu aliyekiwekea taulo tangu alfajiri.

Msongamano wa kweli kwenye meli kubwa uko mahali patatu: bufee ya mchana siku ya kupanda, lifti baada ya maonyesho ya usiku, na mlango wa kurudia melini nusu saa kabla ya kuondoka. Siku ya kupanda usiende bufee. Kwenye Harmony kuna mkahawa mdogo ndani ya ile bustani unaoitwa Park Cafe, umo katika nauli yako, na saa saba mchana watu elfu kadhaa wako juu wanasukumana na masinia. Meli nyingine nazo zina mkahawa wake wa namna hiyo. Muulize mhudumu wa kwanza utakayemwona.

Maonyesho kwenye meli hizi kubwa huwekewa nafasi kwa programu ya simu, mara nyingi kabla hujaondoka nyumbani. Mtu anayependa kwenda popote miguu inapompeleka ataudhika. Kwenye meli ndogo unaingia tu, unakaa.

Mnakwenda nani na nani?

Vizazi vitatu kwa pamoja, bibi, wazazi na watoto: nenda na meli kubwa, usifikirie mara mbili. Kila mtu anapata chake, mnakutana mezani jioni. Klabu za watoto kuanzia miaka mitatu kwa kawaida hazilipiwi mchana. Ila ukiwa na mtoto wa nepi, jua kwamba kwenye meli zinazotoka Marekani haruhusiwi kuingia mabwawa ya kawaida. Uliza kama meli ina sehemu ya maji iliyotengwa kwa ajili ya watoto hao. Bila hiyo utalipia bwawa la kumtazamisha tu.

Mama yangu alipokuja kututembelea alikuwa na mambo mawili: goti la kulia na kibla. Goti nililipangia kabla. Korido ya meli ya mita 362 ni safari, na mzee anayelala mwisho wake upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, atakosa chai kwa uvivu wa kutembea. Mchagulie chumba hatua chache kutoka kwenye lifti, lakini si mkabala na mlango wake, maana watu hupiga soga pale hadi usiku wa manane. Kiti cha magurudumu kodi mapema, kipelekwe chumbani. Vya meli ni vichache, na kazi yake kubwa ni kupandisha na kushusha watu.

Kibla ndiyo ilikuwa na mambo, kwa sababu meli inageuka. Televisheni ya chumbani ina chaneli ya ramani inayoonyesha omo, yaani mbele ya meli, imeelekea wapi, na kila ukifika wakati wa swala mama ananiita, "Mwanangu, kichwa cha meli kiko wapi saa hizi?" Tunaitazama ramani, tunatafuta kaskazini-mashariki ambako ndiko kibla ukiwa maji yale, msala unasogea kutoka mlangoni hadi dirishani. Siku ya pili alikuwa anaisoma ramani vizuri kuliko mimi, na kumsahihisha mume wangu. Chakula cha halali nacho usingoje kukiuliza ukiwa mezani. Iandikie kampuni wiki nyingi kabla ya safari, na majibu yao utembee nayo kwenye simu.

Mume wangu huchafukwa na bahari hata kwenye kivuko cha Galveston. Kwa mtu kama yeye meli kubwa ni rehema, maana ina uzito na vidhibiti vya kupunguza kuyumba. Lakini chumba nacho kina lake. Meli hupanda na kushuka kama bembea ya ubao: aliye nchani ndiye anayerushwa, aliye katikati hasikii sana. Chukua sitaha ya chini, katikati, na achana na chumba cha juu chenye mandhari. Na kama mnataka balkoni, uliza inaangalia wapi. Kwenye meli za aina ya Harmony kuna balkoni zinazotazama ndani, kwenye bustani au kwenye uwanja wa burudani, bahari huioni na muziki unausikia.

Wawili wanaotaka utulivu, au mtu anayesafiri kwa ajili ya kuona miji: meli ndogo. Viking hawapokei mtu aliye chini ya miaka 18. Bei inauma, nakubali.

Ndugu zangu wa Mombasa na Zanzibar huniuliza kwa nini meli hizi kubwa kabisa hazifiki kwetu. Zinazofika ni za daraja la chini yake, kama Norwegian Dawn ya mita 294, na kwa miji yetu ile mimi naona inatosha. Barabara za Mji Mkongwe haziwezi kumeza watu elfu saba kwa asubuhi moja. Anayetaka kuanzia safari Afrika aangalie Durban, ambako kampuni ya MSC imekuwa ikileta meli msimu wa joto wa kusini. Mkenya na Mtanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi mafupi bila viza, ila uliza pia masharti ya nchi meli itakakotia nanga.

Makaratasi, pesa, sabuni

Mgeni wako aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi ahakikishe ni ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka nje ya nchi na kurudi. Ukiwa na kadi ya kijani, beba kadi na pasipoti yako ya nyumbani. Ile habari ya kusafiri na cheti cha kuzaliwa ni ya raia wa Marekani.

Nauli huandikwa kwa mtu mmoja huku ikidhaniwa mko wawili chumbani. Ukiwa peke yako mara nyingi utalipa karibu ya wawili. Ongeza bahashishi ya wahudumu, dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, mtoto naye akihesabiwa. Ongeza intaneti, na soda kama wanao wanakunywa soda. Daktari wa melini analipwa, na bili yake inaumiza kuliko ugonjwa. Nunua bima.

Na hili nalisema kama muuguzi. Virusi vya tumbo vinavyosumbua melini havifi kirahisi kwa ile dawa ya kupulizia mikononi. Nawa kwa sabuni na maji, kila unapoingia bufee, hata foleni ikiwa ndefu nyuma yako. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, hukagua meli zinazoingia bandari zake na kuchapisha alama kati ya 100. Meli ikipata 85 au chini, imefeli. Tafuta jina la meli yako kabla ya kulipa. Ukubwa hausaidii hapo: nimeona kubwa zenye alama safi na ndogo zenye aibu.

Kwa wanaoondokea Galveston, neno moja la mwisho kuhusu Januari na Februari. Ukungu huziba mkondo wa kuingilia bandarini, meli zote zikangoja nje, kubwa kwa ndogo, wakati mwingine kwa saa nyingi. Kwa hiyo mgeni wako asikate tiketi ya ndege ya asubuhi ile mnayorudi. Mkatie ya kesho yake, alale kwako.