SOMO: Kupima ujifunzaji katika chuo kikuu cha Kijesuiti (GPA, yaani wastani wa alama, haitoshi!)

Swali la "tutajuaje kama wanachuo wa programu wamejifunza kweli?" limejibiwa humu mpaka basi. Nikiulizwa tena naleta kiungo tu.

1. Chagua tokeo moja la programu (jambo ambalo mhitimu anatakiwa aweze kulifanya), lenye kitenzi kinachoonekana: "anachambua", si "anaelewa".
2. Tumia kazi ambayo wanachuo wa mwaka wa mwisho wanaifanya tayari.
3. Futa majina, chukua sampuli bila kuchaguachagua.
4. Vigezo. Hapa ndipo nilipochemka. Tuliandika "anaonyesha imani na kujitoa" kupima tafakari baada ya huduma kwa jamii. Tukaletewa ushuhuda wa kanisani, karibu kila mtu akapata 4 kati ya 4, ngazi ya juu kabisa. Njia ya Kiignasi (ya kufundisha ya Wajesuiti, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Mt. Ignasi) ina muktadha, uzoefu, tafakari, tendo na tathmini. Basi uliza yanayoonekana kwenye karatasi. Kuna tukio mahususi? Dhana ya darasani imelifafanua? Mwandishi anasema awali aliamini nini, na nini kimebadilika? Atafanya nini sasa?
ONYO: usipime uchaji. Asiye na dini lazima aweze kupata 4.
ONYO: "anachambua na kuandika vizuri" ni vigezo viwili. Vitenganishe.
5. Wasahihishaji wote waanze na kazi tatu zilezile, kisha walinganishe. Wakipishana ngazi mbili, rekebisheni maneno ya kigezo kwanza kabla ya kulaumiana.
6. Idara iamue badiliko moja, kisha mpime tena.

Swali: Mkuu, si GPA inatosha?
Jibu: Kichwa cha habari umekisoma? Ndani ya alama ya B kuna mahudhurio na adhabu ya kuchelewesha kazi. Haikuambii kilichoshindikana ni uchambuzi au ni nini.

Swali: Naomba vigezo kwa PDF.
Jibu: Hatua ya 4. Nakili.

Swali: Mwalimu, kufuta majina hakupingani na cura personalis, kumjali kila mtu kwa nafsi yake?
Jibu: Swali zuri sana. Majina yanafutwa kwenye nakala za ripoti ya programu tu, maana pale tunapima programu. Mhadhiri wa kozi bado anamrudishia mwanachuo kazi yake na maoni kwa jina. Na kama unataka kujua wanajaliwa kiasi gani, waulize kwa dodoso. Ila dodoso ni ushahidi usio wa moja kwa moja. Halithibitishi kwamba wamejifunza.

Mchango: Sisi tunatumia Examen (zoezi la Kiignasi la kujitafakari) ya dakika tano mwisho wa kipindi: nini kimenigusa, wapi nimekwama.
Jibu: Safi, ila msiipe alama. Ikishakuwa na alama wanaandika unachotaka kusikia.

Mchango: Nyongeza ya hatua ya 3: msiache namba za usajili. Wahadhiri wengine wanazijua kwa kichwa.