Bolingi: jizoeze pembe usizozizoea

Katika bolingi, mchezo wa kuviringisha mpira ili kuangusha pini, mshale wa pili uliochorwa kwenye njia ya mpira, yaani ubao wa 10 ukihesabu kutoka kulia, ndio kimbilio la wachezaji wengi wa mkono wa kulia wanapolenga. Mafuta yanayopakwa kwenye njia yakikauka hapo, mpira hukata kona mapema na kuangukia kushoto kwa pini ya mbele.

Basi jizoeze mshale wa nne, ubao wa 20. Sogeza miguu kushoto mbao 12 hivi, geuza nyonga na mabega kulia kidogo, uachie mpira uelekee nje. Kosa kubwa liko mabegani: yakibaki yanatazama pini, mkono huvuta mpira kuvuka mwili. Rusha mipira 15 bila kuhesabu pini, maana zinadanganya. Angalia ubao unaopitiwa tu. Kisha hamia mshale wa kwanza, karibu sambamba na mfereji wa pembeni mwa njia.