Nepi huchaguliwa kwenye kamba ya kuanikia

Kifungua mimba wangu alizaliwa Aprili, masika yamekolea, tunakaa nyumba ya kupanga Mbagala: vyumba sita, uani kamba mbili. Nilijiona nimejiandaa. Nilikuwa na nepi kumi na mbili nene za kisasa, zenye michoro ya tembo, vifungo vya kubonyeza, na taulo la kunyonya lililoshonewa humohumo ndani. Siku ya tatu tangu turudi kutoka hospitali, zote kumi na mbili zilikuwa kambani zinachuruzika, na mtoto amefungwa kipande cha kanga ya mama mkwe wangu. Kipande chenyewe kilifuliwa asubuhi, kikaanikwa barazani huku mvua inanyesha, na kufika alasiri kilikuwa kimekauka.

Mimi ni fundi cherehani. Vitambaa ndivyo vinavyonilisha, na bado nilinunua kwa macho. Ndiyo maana mama kijacho akija kuniuliza anunue nepi gani, simuulizi kwanza ana shilingi ngapi. Namuuliza: maji mnachota wapi, kamba ni yako peke yako au ya wapangaji wote, na unatarajia kujifungua mwezi gani?

Kitambaa kinachobeba mkojo mwingi ndicho hichohicho kinachokawia kukauka. Ukikishona tabaka nne pamoja, jua linapiga la juu, la ndani linabaki bichi, na kesho yake linanuka uvundo. Tafuta nepi inayofunguka: kitambaa kimoja kipana, mwilini kinakunjwa kikawa kinene, kambani kinakunjuliwa kikawa chepesi. Bibi yangu wa Pangani alikiita winda, na watoto wake wote walikulia humo.

Ukitaka winda la kanga, tafuta kanga iliyokwisha kuchakaa kwa kufuliwa. Mpya ina wanga, inachuja rangi, na maji yanateleza juu yake. Kipande kimoja cha kanga kina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukikata sita unapata vipande vya 50 kwa 55, vinavyomfaa mtoto mchanga. Akinenepa, kata vinne tu. Pinda kingo zote. Hili sisemi kwa ajili ya urembo: uzi mrefu uliofumuka unaweza kuzunguka kidole cha mguu, au uume wa mtoto wa kiume, ukakaza mpaka damu isipite. Kila unapombadilisha, kagua.

Flana ya pamba ndiyo niipendayo mimi. Kata mraba wa sentimita 70 kwa 70. Ni laini, inanyonya, na ikikunjuliwa haichukui siku. Marekani, ile nguo isiyopaushwa ambayo babu zetu waliipa jina la nchi ilikotoka, inadumu kuliko zote lakini inahitaji subira. Ikiwa mpya ina wanga wa kiwandani na mafuta ya pamba yenyewe. Ifue kwa maji ya moto na sabuni mara tano au sita kabla mtoto hajazaliwa, la sivyo mkojo utapita juu kama mvua kwenye jani la mgomba. Taulo linabeba sana ila halikauki upesi. Mimi nalikata vipande virefu vyembamba vya kuweka katikati ya nepi usiku tu.

Vile vitaulo vya maikrofaiba vinavyouzwa pamoja na nepi za mfuko, zile zenye nafasi ya kuchomekea kitaulo ndani, ndugu wa vitambaa vya kufutia magari, visiguse ngozi ya mtoto moja kwa moja. Vinavuta unyevu wote, hata wa ngozi, vinaiacha kavu na yenye kuchubuka. Viweke ndani ya mfuko wake au chini ya flana.

Sasa, muuzaji wa Kariakoo atakuapia kwamba ni pamba asilimia mia. Usibishane naye. Omba kiuzi kimoja, toka pembeni, kiwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, inaacha jivu linalosagika kwa vidole. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kijipunje kigumu cheusi. Subiri kipoe kabla ya kukigusa. Nina kovu dogo la kuthibitisha. Flana ya poliesta ni laini mno mkononi, lakini hainyonyi vizuri.

Idadi? Mtoto mchanga hubadilishwa mara kumi hata kumi na mbili kwa siku. Kama unafua kila siku na jua lipo, ishirini na nne zinatosha. Masika, andaa thelathini na sita. Makava, zile chupi za kuvalishwa juu ya nepi ili mkojo usitoke nje, manne mpaka sita.

Hapo kwenye makava ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu kava halionyeshi kasoro yake mpaka lilowe.

Chupi ya plastiki ya zamani, ile inayolia kraa-kraa, ni rahisi na inakauka ukiipangusa. Lakini haipumui, na kwa joto letu la pwani mtoto anaiva ndani yake. Jua likiichoma inakakamaa na kupasuka kwenye mapaja. Afadhali kitambaa kilichobandikwa utando mwembamba upande wa ndani: nje unaona nguo ya kawaida, ndani inang'aa kidogo. Kukijua ni rahisi. Kibane mdomoni upulize. Pumzi ikipita kirahisi, hakuna utando hapo, umeuziwa chupi. Ukiona haya kupuliza mbele za watu, mwagia maji kidogo ndani na usubiri.

Kisha geuza ukague mishono, jambo ambalo muuzaji hapendi. Mshono uliokatiza katikati, pale mkojo unapokaa, ni safu ya matundu ya sindano, nayo yatavuja hata utando uwe mzuri namna gani. Tazama pia kingo za mapajani. Zikiwa zimezungushiwa mkanda wa pamba, mkanda ule utanyonya mkojo kutoka ndani na kuutoa nje kama utambi wa kibatari, nawe utashangaa gauni lako limelowa na nepi bado haijajaa. Ukingo uwe wa kitambaa kilekile chenye utando, au wa mkanda wa sintetiki.

Lastiki ikae kwenye mkunjo wa kinena, inapopita chupi ya kawaida, isishuke katikati ya paja. Kiunoni vidole vyako viwili vipite. Alama nyekundu iliyobaki baada ya kuvua ikifutika upesi si neno; ikibaki imezama, kava ni dogo. Vifungo vya kubonyeza vinadumu kuliko ule mkanda wa kugandisha, ambao baada ya miezi kadhaa unakusanya nyuzi za nepi zote na kuacha kushika. Na winda lote liingie ndani ya kava. Pembe moja ikichungulia nje, yote yale niliyoyasema ni kazi bure.

Nyumbani mchana, mimi simvishi kava kabisa. Namlaza juu ya mpira na kanga, nepi peke yake, ikilowa naiona na kumbadilisha. Kava ni la usiku, la wageni, na la daladala. Kuna siku ya kliniki nilikaa dirishani na mtoto mwenye winda bila kava, jirani yangu kavaa suti nyeupe. Sitaki kusimulia zaidi.

Pini ichague yenye kichwa cha plastiki kinachojifunga, na ukifunga tanguliza kiganja chako kati ya kitambaa na tumbo. Ikichoma, ikuchome wewe. Pini isiyopenya ichomeke kwenye sabuni ya mche, itateleza. Ikianza kutu, tupa. Kabla kitovu hakijaanguka, kunja sehemu ya mbele ibaki chini yake ili kipate hewa. Mtoto wa kiume unene uongeze mbele, wa kike katikati.

Nepi za kupewa pokea kwa shukrani, halafu zinuse. Zikinuka naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo sandukuni, usimvishe mtoto mchanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na kwenye maeneo yetu ya malaria si wachache. Kwao naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, mtoto akawa wa manjano na kuishiwa damu. Kwa macho huwezi kumjua mwenye hali hiyo. Za kwako hifadhi kwenye mfuko safi bila vidonge vyovyote.

Kufua nitasema kwa kifupi. Kinyesi chooni kwanza, kisha maji baridi, maana ya moto yanagandisha doa. Ndoo ya kulowekea iwe na mfuniko, hasa kama kuna mtoto mwingine anayetambaa. Sabuni kidogo, suuza mara tatu. Jiki inakula lastiki na utando wa kava, na dawa ya kulainisha nguo inaipaka nepi mafuta ikashindwa kunyonya. Maji yetu ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, na nepi zinakauka kama makuti. Kwa hiyo nafulia ya kisima na kusuuzia ndoo moja ya bomba, au ya mvua. Hiyo ndiyo fadhila pekee ya masika.

Zikikauka, piga pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mapindo na mishono. Wengine wanadhani ni umaridadi. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na kiluwiluwi wake hupenya kwenye ngozi na kutokeza kama jipu. Moto wa pasi unammaliza. Makava usiyapige pasi wala kuyachemsha, utando utabanduka. Yaanike juu kambani, yakauke kabisa, na kwa kuwa hayapati pasi hakikisha hayalali nje wala hayashiki unyevu.

Ngozi ikiwa nyekundu, badilisha mara nyingi zaidi na umwache wazi. Wekundu ukiingia mikunjoni na kuzungukwa na vijipele, mara nyingi ni fangasi, mpeleke kituo cha afya.

Zile kumi na mbili zenye tembo sikuzitupa. Fundi mzima nilihitaji mimba ya pili ndipo akili ikanijia: nilifumua lile taulo la ndani kwa wembe, nikaliacha limeshikwa ncha moja tu, likawa linaning'inia kama ulimi. Zikaanza kukauka siku hiyohiyo. Kitinda mimba wangu anazivaa sasa, kumi na moja. Ya kumi na mbili nafutia mafuta ya cherehani.