Kujifunza uuguzi wa afya ya akili ukiwa Bukavu

Vijana wengi wanaoniuliza habari za kazi hii hudhani kwamba kuna shule inayompokea mtu siku ya kwanza na kumfanya moja kwa moja muuguzi wa wagonjwa wa akili. Kwetu huku mashariki ya Kongo mtu huwa kwanza muuguzi wa mwili mzima, kisha ndipo anapoelekea kwenye akili. Mimi naona utaratibu huo una haki, kwa maana mgonjwa anayeletwa akipiga kelele na kurarua nguo zake anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka, na muuguzi anayemwita kichaa kabla ya kumpima joto, malaria na sukari anaweza kumpoteza usiku uleule.

Milango ya kuingilia ni miwili. Wa kwanza ni ITM (Institut Technique Médical), shule ya sekondari ya uuguzi, ambamo mwanafunzi hutoka na diploma ya A2, yaani ya kiwango cha sekondari. Wa pili ni ISTM (Institut Supérieur des Techniques Médicales), shule ya juu, ambayo humpokea mwenye diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na kumfundisha kwa miaka mitatu. Ukiwa na uwezo wa kulipa minervali, yaani ada ya masomo, nakushauri ufike ISTM, kwa sababu mafunzo ya kuongeza ujuzi baadaye mara nyingi hudai kiwango hicho. Kabla ya kujiandikisha, nenda sekretarieti ya shule uulize mambo mawili: masomo ya saikolojia na magonjwa ya akili yana saa ngapi, na wanafunzi hupelekwa wapi kwa staji, yaani mazoezi ya kazi.

Swali hilo la staji lina uzito kuliko jina la shule. Kuna vituo vya kutibu magonjwa ya akili: hapa Bukavu kuna kituo cha SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na Lubumbashi kuna kituo chenye jina la daktari Joseph Guislain wa Ubelgiji. Vyote vinasimamiwa na mabruda wa Frères de la Charité, shirika la watawa Wakatoliki lililoanzishwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Kama shule yako haina utaratibu wa kukutuma mahali kama hapo, andika barua mapema na uombe wiki za likizo, maana wiki chache ukikaa na wagonjwa zitakuonyesha kama una moyo wa kazi hii.

Jambo ambalo shule hailitilii mkazo wa kutosha ni lugha. Tunafundishwa kwa Kifaransa, tunaandika faili kwa Kifaransa, lakini mama anayetoka mitaa yetu ya Kadutu au Bagira hatakuambia kamwe kwamba ana depresioni, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Atakuambia kwamba ana mawazo mengi, kwamba usingizi umekimbia, kwamba moyo unamwenda mbio, au kwamba kichwa kinachemka. Nunua daftari dogo tangu mwaka wa kwanza, na kila siku ya staji andika maneno ya mgonjwa jinsi alivyoyatamka, yawe ya Kiswahili au ya Mashi, lugha ya Washi wa huku, bila kutaja jina lake. Halafu jioni jiulize neno hilo linalingana na dalili gani uliyosoma. Usiharakishe kulibadilisha, kwa sababu mawazo mengi ya mjane aliyekimbia vita si lazima yawe ugonjwa, na moyo unaokwenda mbio unaweza kuwa ni ugonjwa wa moyo wenyewe.

Kwa lugha hiyohiyo jizoeze kuuliza swali zito kuliko yote: «Mama, imefika wakati ukawaza kujiua?» Wanafunzi huliogopa wakidhani litampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo; kuuliza kwa upole hakuletei mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Akikubali, uliza kama ameshapanga namna ya kufanya, usimwache peke yake, na umwite mkubwa wako mara moja.

Dawa nazo zisome kwa bidii, hasa madhara yake. Nilipokuwa mwanafunzi niliona kijana aliyechomwa sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, na kesho yake shingo yake ikapinda upande mmoja, macho yakatazama juu na taya likakaza. Familia iliamini kwamba pepo amerudi kwa nguvu, nao walitaka kumchukua nyumbani. Lilikuwa dhara la dawa linalojulikana sana, ambalo huwapata hasa vijana wa kiume katika siku za mwanzo, na hutulia kwa dawa kama ile inayoitwa Artane. Tangu siku hiyo huwaeleza ndugu mapema, kabla ya sindano, yale yanayoweza kutokea. Vilevile mweleze mgonjwa wa kifafa kwamba fenobarbitali haikatwi ghafla, hata akikaa miezi bila kuanguka, kwani kuikata hivyo kunaweza kuleta degedege zinazofuatana bila kukoma.

Utakutana pia na wagonjwa waliofungwa kwa kamba au minyororo katika vyumba vya maombi. Usiingie kwa ukali. Msalimie mchungaji kwa heshima, omba kuona vidonda vya mikono na miguu, visafishe, kisha zungumza na familia juu ya dawa ambazo zinaweza kwenda pamoja na sala. Mchungaji aliyeheshimiwa mara nyingi ndiye atakayekuletea mgonjwa wa pili akiwa bado hajafungwa.

Ukimaliza masomo, jiandikishe katika Ordre ya wauguzi, yaani chombo cha taaluma yetu, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kama utapangiwa kituo cha afya cha kawaida, usidhani umekosa njia: Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa mhGAP kwa ajili ya wahudumu wasio wataalamu wa akili, na mwongozo wake unapatikana bure kwa Kifaransa. Anza na sura ya kifafa, kwa kuwa ndicho utakachoombwa kukitibu mapema, na weka rejista ya tarehe ambazo kila mgonjwa anapaswa kurudi kuchukua dawa. Asiporudi kwa siku tatu, mtume mhudumu wa jamii wa mtaa huo amtazame nyumbani.