Breki ya mbele imelegea? Minya, kisha shikilia

Mkono wa breki ya diski ukianza kuzama karibu na usukani, usikimbilie kununua pedi. Pikipiki ikiwa imesimama, minya haraka haraka mara nne tano. Mkono ukikaza, halafu ukiuacha kidogo unalegea tena, mara nyingi kuna upepo ndani. Utoe kupitia nati ndogo ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski.

Sasa minya tena na ushikilie, kama nusu dakika. Mkono ukishuka polepole chini ya vidole, hapo ni pabaya zaidi. Pangusa kalipa na maungio ya mpira wa breki kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikiloa, umepata pa kuanzia. Kikibaki kikavu, shuku raba za masta silinda, pampu ya breki iliyo kwenye usukani: zikichakaa hupitisha mafuta ya breki kwa ndani bila tone kuonekana nje, na hata ukitoa upepo mchana kutwa hutapata breki. Pikipiki hiyo isibebe abiria, tafadhali.

Aina ya mafuta ya breki ya kuongeza imeandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake, kwa pikipiki nyingi ni DOT 4. Ya injini usiweke hata kidogo, yanavimbisha raba.