Siku mbili Lisbon kwa mwenye goti bovu

Goti langu la kushoto lina historia yake. Kwa hiyo nilipopata siku mbili za kutembea Lisbon nilitakiwa niulize kwanza habari za vilima, nami sikuuliza. Wenyeji husema mji wao umekaa juu ya vilima saba. Asubuhi ya kwanza nilivipanda kama mbuzi, na kufika saa sita mchana nilikuwa nimekaa kizingitini mwa nyumba ya watu nikijikanda. Kanuni niliyorudi nayo ni hii: panda kwa chombo, shuka kwa miguu.

Kutoka uwanja wa ndege chukua metro, njia nyekundu, ubadilishe Alameda uingie njia ya kijani mpaka Rossio, katikati ya mji. Kwenye mashine ya tiketi nunua kadi ya Navegante. Kadi tupu ni senti 50 za euro, kisha unatia salio, wao huliita zapping, nalo linakubalika kwenye metro, tramu, basi na hata kivuko. Kila mtu awe na kadi yake, hata mke na mume. Ukimlipa dereva wa tramu taslimu, nauli inakaribia kuwa mara mbili.

Halafu viatu. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, ndiyo calçada yao, na nyayo za watu zimevisugua mpaka vinang'aa. Vikilowa ni sabuni. Mimi niliteleza nikiwa na viatu vya soli ngumu. Mzee mmoja akanidaka mkono huku akisema "devagar, devagar". Sikuhitaji mkalimani: taratibu, taratibu. Vaa soli ya mpira.

Siku ya kwanza amka mapema uwe Martim Moniz kabla ya saa mbili asubuhi, upande tramu namba 28, zile ndogo za manjano zenye viti vya mbao. Ukichelewa utakuta foleni ndefu, na ndani mtabanana kama dagaa. Vibaka nao wanaijua ratiba ya watalii kuliko watalii wenyewe. Mimi niliibiwa miwani ya jua tu, kwa sababu pochi nilikuwa nimeifunga ndani ya nguo. Mkoba uvae kifuani.

Shuka Graça. Pale penye miti ya misonobari kuna uwanja wa kutazamia mji, miradouro, na kutoka hapo kila kitu kiko mbele yako: ngome ya São Jorge, mapaa mekundu, mto Tejo. Kaa. Kunywa kahawa. Ndipo uanze kuteremka kwa vichochoro vya Alfama, ambavyo havina haja ya ramani maana vyote vinaishia mtoni. Jina Alfama ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto. Neno letu hamamu ni ndugu yake. Waarabu walitawala hapa mpaka mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka mji.

Utakutana na ndugu wengi wa namna hiyo, maneno ya Kireno yaliyoingia Kiswahili. Mhudumu alipofuta mesa na kuniletea copo la maji, nilicheka peke yangu. Bandeira inapepea juu ya ngome. Kanisa ni igreja, nasi tuliligeuza likawa gereza, na hapo kuna hadithi ndefu kuhusu wageni walivyokuja pwani kwetu.

Ukifika chini, Baixa, utashangaa: mitaa imenyooka kama mistari ya daftari. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliuangusha mji, bahari ikapanda, moto ukamalizia. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya, na ndani ya kuta zikawekwa fremu za mbao za kuhimili mtikisiko. Kanisa la Carmo limeachwa bila paa hadi leo. Usikose kuingia.

Tahadhari ya mezani: mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hujaagiza si zawadi. Ukivila, unavilipia. Hutaki, sema "não, obrigada", au "obrigado" ukiwa mwanamume, navyo vitaondolewa. Anayetafuta halali aende Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz.

Siku ya pili ni ya Belém, mtaa wa magharibi kando ya mto, ila isiwe Jumatatu, kwa kuwa monasteri ya Jerónimos hufungwa. Tramu 15E kutoka Praça da Figueira inakufikisha, na huko ni tambarare, goti litakushukuru. Tiketi ya ua wa ndani nunua mapema mtandaoni. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya kanisa. Ukiingia tu, upande wa kushoto, amelala Vasco da Gama kwenye jiwe jeupe, viganja vimeunganishwa kama anayeomba. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Jengo lenyewe, lililoanza kujengwa mwaka 1501 au 1502, liligharimiwa kwa ushuru wa biashara ya viungo na mali za Afrika na Mashariki. Ukitoka, nenda Pastéis de Belém, wanaooka vitobosha vya maziwa na mayai tangu 1837, unyunyizie mdalasini. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ukitaka kukaa, pita ndani, vyumba ni vingi.

Mnara wa Belém mimi niliutazama kwa nje, ukanitosha.

Jioni rudi kwa 15E ushuke Cais do Sodré, upande kivuko cha Cacilhas, ng'ambo ya mto. Ni kama dakika kumi, kwa kadi ileile. Wakati wa kwenda kaa kulia, ndiko daraja la 25 de Abril na jua linalozama. Wakati wa kurudi, kushoto.